Kabla ya kumwambia fundi "nichongee kama hii"

Shafti ya mashine ya kusaga ikivunjika Kibaigwa katikati ya msimu wa mahindi, vipande viwili hutiwa kwenye kiroba, hupandishwa basi kuja Dodoma mjini, na siku hiyohiyo viko juu ya meza ya karakana Kizota pamoja na agizo la maneno matatu: "Nichongee kama hii." Fundi anapima alichopewa na kuchonga alichopima. Tatizo ni kwamba alichopewa kimeshakwisha. Pale beringi ilipokaa palikuwa na milimita 40 na ushee kidogo. Leo pana 39.93, kwa kuwa beringi imekuwa ikizunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Shafti mpya inatoka ikiwa na 39.93 safi, inang'aa, na ugonjwa uleule umo ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kipande kilichochakaa kinaonyesha umbo. Hakisemi kipimo chake cha asili, hakisemi ni chuma gani, wala hakisemi wapi panatakiwa kubana na wapi panatakiwa kuteleza. Hayo yanatoka kwa mwenye kazi, na yanatakiwa yaandikwe. Karatasi moja ya daftari yenye mchoro wa penseli inatosha kabisa. Programu ya kompyuta si lazima, na mchoro mzuri wa kompyuta usio na tolerensi (mipaka ya kipimo kinachokubalika) ni hasara zaidi ya mchoro mbaya wa mkono wenye tolerensi.

Kuna lethi, yaani mashine za kuchongea chuma, na mafundi wazuri Dodoma. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya mteja.

Anza na vinavyogusana

Chukua mchoro wako na uulize kila uso wa kipande swali moja: huu unagusana na nini? Uso unaokaliwa na beringi, puli, sili ya kuzuia mafuta au bushi (bomba fupi ambalo shafti inazungukia ndani yake) unahitaji tolerensi yake mwenyewe. Uso usiogusana na kitu uachie, hata ukizidi au kupungua nusu milimita hakuna atakayejua. Watu wengi hufanya kinyume: wanaandika urefu wa shafti kwa makini hadi sehemu ya kumi, halafu kwenye makao ya beringi wanaandika "40" tu.

Hakuna lethi inayotoa 40 kamili. Ukiandika 40 peke yake umemwachia fundi aamue kama 39.95 inatosha, naye ataamua kwa vernia (rula ya kupimia yenye taya) aliyonayo na haraka aliyonayo. Tolerensi ni mipaka miwili tu: kipimo kikubwa kinachokubalika na kidogo kinachokubalika. Kipande kilicho katikati ya mipaka hiyo ni kizuri, kilicho nje ni kibovu, na mabishano yanaisha.

Kwa vipimo vyote visivyo na mipaka yake, andika sentensi moja chini ya mchoro: "Vipimo vingine vyote ISO 2768-m." Hicho ni kiwango cha kimataifa cha tolerensi za jumla, na maana yake ni kwamba vipimo vya milimita 6 hadi 30 vinaruhusiwa kuzidi au kupungua 0.2, vya zaidi ya 30 hadi 120 ni 0.3, vya zaidi ya 120 hadi 400 ni 0.5, na vya zaidi ya 400 hadi 1000 ni 0.8. Kama fundi hana jedwali hilo, mwandikie namba hizo nne. Ni kazi ya kawaida kwa lethi yoyote iliyo hai.

Makao ya beringi

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuchukue beringi 6208, ambayo inapatikana karibu kila duka la beringi: tundu 40, nje 80, unene 18. Ringi ya ndani inazunguka na shafti, huku mkanda ukivuta upande mmoja muda wote. Kila nukta ya ringi ile inapita chini ya mzigo kwa zamu. Kama kuna upenyo, hata wa sehemu ya mia ya milimita, ringi inatambaa juu ya shafti taratibu, na kutambaa huko kunasaga chuma mpaka pafike ile 39.93. Ndiyo maana ringi ya ndani lazima ibane. Ringi ya nje haizunguki, mzigo unaikandamiza mahali palepale, kwa hiyo yenyewe inaweza kuingia kwa mkono bila madhara.

Kubana kwa kiasi gani? Jedwali la ISO 286 linaita kipimo kinachofaa hapa k6, na kwa kipenyo cha 40 maana yake ni 40.002 hadi 40.018. Tundu la beringi ya kawaida lenyewe linatengenezwa kati ya 39.988 na 40.000. Ukitoa, unaona kwamba shafti itazidi tundu kwa maikroni 2 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kama bahati ni ndogo, hadi maikroni 30 kama vyote vimeangukia pembeni. Hapo ndipo linapotokea kosa la pili, la kuzidisha. Ndani ya 6208 ya kawaida, upenyo kati ya gololi na njia zake ni maikroni 6 hadi 20. Ringi ikipanuliwa na shafti nene, upenyo huo unaliwa, gololi zinabanwa, beringi inachemka na kuunguza grisi. Fundi analaumiwa kwa beringi feki kumbe shafti ilikuwa 40.04. Kwa mashine inayopata joto na kubeba mzigo, nunua beringi yenye alama C3 mwishoni, ambayo upenyo wake wa ndani ni maikroni 15 hadi 33. Bei haitofautiani sana, ila muuzaji asipoulizwa hukupa iliyo karibu.

Tundu la nyumba ya beringi, upande wa nje, liandikwe H7: 80.000 hadi 80.030.

Katika mfumo huu herufi kubwa ni za matundu na ndogo ni za shafti. Lakini usimwandikie fundi herufi peke yake. k6 ya milimita 30 ni +0.002 hadi +0.015, ya milimita 40 ni +0.002 hadi +0.018, na si kila karakana ina jedwali ukutani. Andika namba.

Kuna hali moja inayobadilisha haya yote. Kama mashine yako inatumia UCP208, ile beringi yenye nyumba yake ya kufunga kwa bolti mbili na skrubu za kubana kwenye shafti, usiombe k6. Beringi ile inatakiwa iteleze kwa mkono mpaka mahali pake, ndipo skrubu zikazwe. Andika 39.975 hadi 40.000. Ukiichongea nene, mtu ataipiga nyundo, na nyundo ikipita kwenye gololi inaacha vishimo ambavyo utaanza kuvisikia baada ya wiki mbili.

Kuweka beringi ya k6 bila nyundo si kazi ngumu: ichemshe kwenye mafuta safi mpaka nyuzi 80 hadi 100, isizidi 120, halafu iteleze. Sufuria, mafuta, na kitu cha kuzuia beringi isiguse tako la sufuria.

Na bega? Beringi inaegemea bega la shafti, na kona pale chini haiwezi kuwa kali kama ya sanduku, la sivyo ufa utaanzia hapo. Lakini pia ikiwa ya mviringo mno, beringi inapanda juu ya kona na haifiki begani. Kwa 6208 kona isizidi nusukipenyo cha 1.0, na kipenyo cha bega kisipungue 47.

Kuna ujanja unaopendwa wa kugonga vidoti kwa sentapanchi kwenye makao yaliyolegea ili beringi "ikamate". Vidoti vile ni vilele vidogo vinavyobeba mzigo wote, vinalala ndani ya saa chache, na unabaki na makao mabaya kuliko mwanzo. Ukiletewa shafti "iliyorekebishwa" hivyo, irudishe.

Puli na kii

Puli inatakiwa itoke siku mkanda au beringi ikibadilishwa, kwa hiyo haibani, inateleza bila kucheza. Kwa shafti ya 38: shafti 37.984 hadi 38.000, tundu la puli 38.000 hadi 38.025. Kii, kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, kwa kipenyo hicho ni 10 kwa 8, njia yake kwenye shafti ina kina cha 5.0, kwenye puli 3.3, zote zikiruhusiwa kuzidi 0.2. Kina cha 5.0 ni kigumu kupima kwa kuwa uso wa juu umekatwa. Andika badala yake umbali kutoka sakafu ya njia hadi upande wa pili wa shafti, yaani 33.0, ukiruhusiwa kupungua 0.2. Hapo vernia ya kawaida inatosha.

Upana wa njia ya kii ndio unaopuuzwa. Kwenye shafti uandike 9.964 hadi 10.000. Njia ikiwa 10.2, kii inapiga kushoto na kulia kila mashine inapowashwa, na baada ya msimu mmoja imejichimbia chumba. Kii inabana ubavuni. Juu yake, kati yake na puli, panabaki upenyo mdogo. Fundi akikusaidia kwa kugongelea kii nene juu, puli inasukumwa upande mmoja na kuanza kuyumba.

Njia ya kii isifike kwenye bega. Shafti nyingi zinazovunjika kwa kujikunja na kuzunguka huanzia pale ambapo mwisho wa njia ya kii na kona ya bega vimekutana. Acha milimita chache kati yake.

Chuma gani

"Chuma kigumu" si jina la chuma. Wala "chuma cha shafti" si jina, ingawa ndiyo risiti nyingi zinavyosema.

Maduka ya chuma nchini bado yanatumia sana majina ya viwango vya zamani vya Uingereza: EN8, EN19, EN24. Kwa shafti za mashine za kusaga, puli, na vifaa vya shamba, EN8 inatosha kabisa. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.4, inachongeka vizuri, na jirani yake wa viwango vya Ulaya ni C45. Chuma laini cha kawaida cha kuchomelea mageti kinafaa vishikio, vibao na spesa, lakini kwenye shafti yenye mkanda kinapinda na njia ya kii inapanuka mapema. EN19 na EN24 zina kromiamu na molibdeni, EN24 ikiongezewa nikeli. Ni za mizigo ya kushtuka, kama shafti ya karasha la mawe au gia nzito. Kuagiza EN24 kwa mashine ya kusaga ya kijijini ni kulipia jina.

Ekseli za Fuso kutoka kwenye vyuma chakavu zinapendwa kwa sababu ni nafuu na "ni ngumu". Ugumu wake mwingi uko kwenye ngozi, kwa kuwa ekseli nyingi hukazwa kwa moto juu tu, na ndani ni laini zaidi. Ukichonga mpaka ngozi iishe umebaki na chuma cha kawaida, baada ya kuharibu visu viwili. Na ekseli iliyotupwa huenda ina ufa usioonekana. Kwa mkokoteni, sawa. Kwa kitu kinachozunguka mara 2,900 kwa dakika karibu na miguu ya watu, hapana.

Kujua kama umeletewa ulichoagiza, cheche za grinda zinasaidia kidogo. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Kaboni ikiongezeka, matawi na vimulimuli vinaongezeka. Stenlesi hutoa cheche fupi na haba. Weka pembeni kipande unachokijua na ukigrindie kwanza, ulinganishe. Cheche hazitakuambia tofauti ya EN19 na EN24, hata macho yawe mazuri namna gani. Kwa kazi kubwa omba cheti cha chuma kutoka duka linalouza, chenye namba inayolingana na iliyogongwa kwenye nondo yenyewe, yaani chuma cha duara kinachochongwa.

Stenlesi ina mtego wake. Kwa sehemu zinazogusa mafuta ya alizeti, juisi au chakula, 304 inafaa. Kwa mvinyo wa Hombolo, wenye asidi na salfa inayowekwa kuhifadhi, 316 ni salama zaidi, na vivyo hivyo kwa pampu za visima, kwa kuwa maji ya visima vingi vya kanda hii yana chumvi. Chumvi huitoboa 304 kwa vishimo vidogo vya ndani, huku juu ikiendelea kung'aa. Tofauti ni ile molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 iliyomo kwenye 316. Sumaku haitakusaidia kuzitenganisha, na wala 304 iliyopindwa au kuvutwa ikivuta sumaku kidogo si dalili ya kuibiwa. Andika daraja, na andika "isibadilishwe bila kuniuliza."

Stenlesi kwa stenlesi kwenye nyuzi za bolti na nati hung'ang'aniana ikikazwa kavu mpaka bolti inakatika. Omba nati ya daraja tofauti au paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania, ya chakula kama ni ya chakula.

Bushi za shaba: shaba ya fosfa kwa shafti nzito na mwendo wa polepole. Usikubali shaba yenye risasi kwenye kitu kinachogusa chakula, na shaba nyingi rahisi kuchonga zina risasi. Upenyo wa bushi kwa shafti ya 40 uwe 0.025 hadi 0.075. Jambo linalosahaulika ni kwamba bushi ikishindiliwa kwenye nyumba yake, tundu lake linasinyaa. Kwa hiyo andika kwamba kipimo cha ndani ni cha baada ya kushindiliwa, na fundi amalizie tundu likiwa limeshakaa mahali pake. Nailoni ni rahisi na haihitaji grisi, ila inanyonya maji na kuvimba. Kwenye pampu iongezee upenyo au uiache.

Kama unataka uso ukazwe kwa moto, kwa mfano skrubu za kukamulia alizeti, "kaza" haitoshi. Andika ugumu kwa HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell), kina cha tabaka gumu kwa milimita, na sehemu zisizotakiwa kukazwa, hasa nyuzi. Kipande kikiingia motoni hujipinda, kwa hiyo makao ya beringi yaachiwe milimita 0.3 ya ziada na yasagwe kwa jiwe baadaye. Karakana isiyo na mashine ya kusaga kwa jiwe haiwezi kumaliza kazi hiyo, hata ikikubali. Uliza kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kuchomelea na kurudishia

Kujaza makao yaliyochakaa kwa welding na kuchonga upya kunaweza kufanyika, lakini EN8 haipendi kuchomelewa baridi. Pembeni mwa welding panakuwa pagumu na pakavu kama kioo, na shafti inavunjika hapo hapo, sentimita moja kutoka kwenye ukarabati unaosifiwa. Kama lazima, shafti ipashwe joto kwanza, nyuzi 150 na zaidi, ichomelewe kwa fito zenye hidrojeni kidogo zilizokaushwa, na ipoe taratibu ndani ya majivu au mchanga mkavu, isimwagiwe maji. Kisha inyooshwe na kupimwa mayumbo, yaani inavyoyumba ikizunguka, kabla ya kuchongwa. Ukijumlisha muda huo wote, kwa shafti fupi mpya ni nafuu.

Nyuzi, kwa ufupi

Andika M12 na hatua yake: 1.75 ni ya kawaida. M10 ni 1.5 lakini bolti nyingi za magari ya Kijapani ni 1.25, na fundi akikata isiyo yake unapata inayoingia mizunguko miwili na kukwama. Nusu inchi ina mitego zaidi: ya Kiingereza ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani 13. Kwa mabomba ya maji hapa nchini ni BSP, uzi wa mabomba wa Kiingereza. Uzi wa inchi moja una meno 11 kwa inchi na kipenyo cha nje cha 33.25, si 25.4, jambo linalowashangaza wanaopima bomba la "inchi moja" kwa mara ya kwanza. Peleka nati au fitingi halisi pamoja na mchoro.

Sili ya mafuta

Kama kuna sili, uso wa shafti chini ya mdomo wake uwe laini, Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso, kwa maikroni) 0.2 hadi 0.8, na usiwe na mistari ya kuzunguka kama uzi. Kisu cha lethi kinachosogea upande mmoja huacha mistari ambayo inasukuma mafuta nje kama pampu. Mteja anabadilisha sili tatu na mafuta bado yanavuja. Omba uso huo usuguliwe kwa msasa laini shafti ikizunguka, bila msasa kusogezwa kushoto na kulia. Ugumu wa 45 HRC unatosha kwa mwendo wa kawaida. Shafti ya 40 kwenye mota ya mizunguko 1,450 ina kasi ya mita 3 kwa sekunde pale kwenye mdomo, lakini kwenye 2,900 inafika mita 6, na hapo 55 HRC inahitajika. Vumbi letu la Julai na Agosti linakaa kwenye mdomo wa sili kama jiwe la kunolea, kwa hiyo sili yenye mdomo wa pili wa vumbi inalipa.

Karatasi yenyewe

Kwa shafti ya mashine ya kusaga ya mfano tunaouzungumzia, agizo kamili ni fupi kuliko watu wanavyodhani:

Shafti ya mashine ya kusaga, kipande 1. Vipimo kwa milimita.
Chuma: EN8 au C45, nondo mpya. Si ekseli, si kilichochomelewa.
Urefu wote 520 ± 0.8.
Makao mawili ya beringi 6208: 40.002–40.018, Ra 1.6 au laini zaidi, kona ya bega R isizidi 1.0.
Sehemu ya kati, makao ya sahani za nyundo: 47.984–48.000.
Makao ya puli: 37.984–38.000. Njia ya kii upana 9.964–10.000, sakafu hadi upande wa pili 33.0, kupungua 0.2.
Mayumbo ya makao ya puli na ya sahani, shafti ikishikwa kwenye makao ya beringi: yasizidi 0.03.
Kingo zote zikatwe 0.5 × nyuzi 45. Matobo ya senta yaachwe.
Vipimo vingine vyote ISO 2768-m.

Mstari wa mayumbo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Kila kipenyo kinaweza kuwa sahihi peke yake na bado shafti ikapiga, kwa kuwa fundi aliigeuza kwenye chaki (taya za lethi zinazoshika kipande) katikati ya kazi na mihimili miwili haikulingana. Shafti ikichongwa kati ya senta mbili, ncha zinazoingia kwenye matobo ya miisho yake, geuza utakavyo, mhimili unabaki mmoja. Ndiyo sababu ya kuomba matobo ya senta yabaki: siku ya ukarabati fundi mwingine ataanzia hapohapo.

Kama nondo ni ile nyeupe iliyovutwa baridi, njia ya kii ikatwe kabla ya kumalizia vipimo vya mwisho. Nondo hizo zina mkazo ndani, ukikata upande mmoja zinapinda.

Beringi moja ishikiliwe kabisa na nyingine iachiwe nafasi ya kusogea kwenye nyumba yake. Chuma hupanuka 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Beringi zikiwa umbali wa 400 na shafti ikipata joto nyuzi 40 zaidi ya fremu, inarefuka karibu 0.2. Hiyo 0.2 ikikosa pa kwenda inasukuma gololi ubavuni.

Chuma huuzwa kwa kilo, kwa hiyo hesabu mwenyewe kabla ya kwenda dukani: kipenyo kwa kipenyo, mara 0.00617, unapata kilo kwa mita. Nondo nyeusi ya 55 ni kilo 18.7 kwa mita. Kwa kipande cha 530, pamoja na nafasi ya msumeno na ya kusafisha nyuso za mwisho, ni kilo 9.9 hivi. Ukichukua nondo nyeusi ya 50 kwa kumaliza na 48, gamba na kupinda kwake vinaweza kula milimita zote mbili. Kama EN8 ya kipenyo hicho haipo mjini, duka huagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Hapo subiri, usikubali "hii nyingine ni sawa tu."

Kupokea kazi

Usipime kipande kilichotoka kwenye kisu sasa hivi. Uso wa 80 wenye joto nyuzi 40 juu ya kawaida umenenepa maikroni 38, zaidi ya tolerensi yote ya H7. Chini ya paa la bati saa nane mchana hata maikromita iliyoachwa dirishani inadanganya. Weka shafti na maikromita kwenye meza moja kivulini, saa nzima, ndipo upime.

Vernia ya dijitali inaonyesha 0.01 lakini ukweli wake ni 0.02 au 0.03. Kwa k6, yenye upana wa maikroni 16, lazima maikromita ya 25 hadi 50, iliyowekwa sifuri kwa kipande chake cha kupimia. Kama karakana haina maikromita, haikuwa na njia ya kufikia kipimo hicho isipokuwa kwa bahati. Pima kila makao sehemu tatu za urefu, na kila sehemu mara mbili kwa kuvuka: sehemu tatu zinaonyesha kama pameinama kama koni, kuvuka kunaonyesha kama pamekuwa yai. Kisha shafti iwekwe kwenye vitalu viwili vya V chini ya makao ya beringi, dayo geji (saa ya kupimia mayumbo) iguse makao ya puli, izungushwe polepole.

Kwa kazi ya vipande vingi, nyundo za mashine kwa mfano, kipande cha kwanza kipimwe na kukubaliwa ndipo vingine vifuatie, na makubaliano hayo yawe kwenye karatasi pamoja na nani anabeba gharama ya chuma kikiharibika. Nyundo zipimwe pia uzito, zipangwe ili safu zinazotazamana zilingane. Tofauti ya gramu kumi na tano kwenye mizunguko 2,900 inatikisa sakafu.

Mwisho agiza jina la chuma na tarehe vigongwe kwenye uso wa mwisho wa shafti, upande wa puli, mbali na tobo la senta. Vigongwe kabla ya kumalizia vipimo, kwa sababu kila pigo la muhuri linainua chuma pembeni yake, na uvimbe wa maikroni 20 kwenye ukingo unatosha kuzuia puli isiingie.